Kiswahili cha Barka

Salha anaendesha kwa mkono mmoja,
wa pili unanionyesha Maskati.
"Hii Riyam. Kile chetezo ulichokiona toka mbali
ni jengo. Usiulize udi unatiwa wapi."
Nauliza hata hivyo.
Anaegesha, tunapanda ngazi
mpaka magoti yangu yanadai haki yao.
Chini, bandarini, meli nyeupe ya watalii
imekaa kama jino la bandia.

Kurum, alasiri, jua limelegea.
Watoto wanawafukuza bata walioshiba mikate.
Nyasi ni mbichi kupita kiasi,
mbichi kama kitu kilichoagizwa.
Navua viatu, nakanyaga mpira:
bomba jeusi lenye matundu
linahesabu matone mzizi kwa mzizi,
kama bahili na sadaka.
"Kwetu nyasi tunazifyeka," namwambia.
"Hapa tunazilea," anajibu. "Na maji yenyewe
yametoka vyooni mwetu, yakasafishwa.
Maua hayana kinyaa."

Ijumaa tunatoka mjini.
Malori ya matofali, vibanda vya matikiti,
kisha kuta, kuta, na mageti ya chuma
yaliyochorwa mabuli ya kahawa na majambia.
Nyuma ya kila geti, shamba.
"Siku hizi yanakodishwa kwa usiku.
Bwawa la kuogelea, pa kuchomea nyama,
na mitende kidogo ya kupigia picha."

La shangazi Thuwaiba halina bwawa.
Lina birika lenye ufa
na kisima kilichoanza kuonja bahari.
Mitende ya upande wa pwani imekauka vichwa,
imesimama kama watu waliosahau
walichokifuata chumbani.
Nilikuja kutazama shamba la barua zake:
khalasi, khasabu, ndimu za kukausha juani,
ng'ombe mkaidi aliyeitwa Bibi Harusi.
Nimekuta nusu, na ng'ombe hayupo.

Mlango wa stoo ukafunguka.
Mwanamume wa Sileti, taulo kichwani,
mundu mkononi, akatupima kwa macho:
"Ondokeni juani, wanangu,
mtakauka kama ubua! Kaani kitako.
Chai ipo. Maziwa hapana,
paka kanichezea shere."

Si Kiswahili cha redioni.
Ni cha ukumbini Wete, cha marehemu mtupu,
hata ule mguno wake kabla ya neno "hapana".
Nikakaa kitako kabla sijajua kuwa nimekaa.

Anaitwa Shofikul. Miaka kumi na minne shambani.
Miwili ya mwanzo, anasema,
alidhani anajifunza Kiarabu.
Akaenda sokoni, kifua mbele:
"Nipatie kamba, babu, na usinipunje."
Soko zima likamtumbulia macho.
Akarudi na hasira, bila kamba.
Bi Thuwaiba akacheka mpaka akaushika mtende,
lakini lugha hakubadilisha.
Alikuwa akizungumza na miti tu.
Angeachaje masikio mawili
yaliyomjia kwa miguu yake yenyewe?

Tunatembea. Salha anakijua Kiswahili
cha jikoni na cha simu,
cha shambani hana.
Anagusa ala ngumu iliyofunika shada changa:
"Hii... hii inaitwaje?"
Ananiangalia mimi.
Mimi ni wa mjini, mpiga chapa,
namwangalia Shofikul.
"Karara," anasema, na kuipasua kwa mundu.
Unga ukamwagikia viganja vyetu,
ukinuka kama unga wa mkate.

Hatukuuliza nani atanunua shamba.
Yeye hakuuliza kama tumekuja kuuza.
Alitupa tende katika ndoo ya rangi,
akafunga geti, akalifungua tena:
"Na ndoo mnirejeshee!"

Njiani Salha yu kimya,
kuta zinapita, bwawa baada ya bwawa.
Karibu na Sib akauliza,
"Karara, eh?"
"Karara."
"Hebu iandike."
Sina kalamu. Naandika kwa kidole
katika vumbi la dashibodi,
na herufi ya mwisho
inaangukia mahali palipofutwa.